Mafuta ya Chenga

Fomu ilitaka jina la kiungo.
Nikaandika: mafuta ya chenga za korosho.
Ikarudi. Wanataka jina la kitaalamu,
lile refu ambalo hapa Newala
hakuna aliyewahi kumwitia mtoto aje apakwe.

Juu yake wamegonga muhuri: KIUNGO KIPYA.
Mama akaomba nimsomee tena.
Akacheka mpaka akashika mlango.
"Kipya! Basi na magoti yangu nayo mapya,
wakayaandikishe."
Huyapaka magoti hayo kila ukungu unapopanda
kutoka bonde la Ruvuma, kwa mafuta ya vipande
walivyovikataa wanunuzi, visivyofika daraja.

Sisi wabanguaji ngozi tunaijua.
Tumeijua kwa kuipoteza.
Ganda la korosho lina moto usiotoa moshi;
unapaka majivu, unapaka mafuta ya ufuta,
na bado jioni tonge unalishika
kwa viganja vya mtu mwingine.
Siku ya kusajili laini ya simu
mashine ilinikataa mara nne.
Kijana akafuta kioo kwa shati, akajaribu cha kushoto,
akasema, mama, wewe huna vidole.
Ninavyo kumi. Nikamhesabia.

Kwa hiyo walipoandika: thibitisha kwamba hayadhuru,
nilitaka kuwajibu kwa ukali,
kisha nikamkumbuka Zamoyoni,
aliyenunua kichupa gulioni wiki tatu kabla ya harusi,
kichupa kisicho na jina, wala tarehe,
wala mtu wa kumlaumu.
Picha za harusi zipo kabatini, zimelala kifudifudi.
Mpaka leo, jua la saa nne tu,
hujitanda khanga ikamfika machoni.
Yule muuzaji hakuna aliyemdai fomu.

Nikajaza.
Rangi. Harufu. Yanakaa miezi mingapi bila kuchacha.
(Hayajawahi kukaa. Yanaisha.)
Sampuli tatu zikapanda basi kwenda Dar es Salaam,
zimeviringishwa kwenye gazeti na sweta la mwanangu,
nauli nimezilipia kama abiria.

Mikorosho ikatoa maua, ikazaa, ikaangusha mabibo,
ndipo majibu yakaja.
Mbili safi. Ya tatu
imekutwa na chembe za mafuta ya ganda.

Uongo, nikasema. Chenga zetu zinachaguliwa moja moja.
Sikulala.
Karibu na alfajiri nikaikumbuka siku ile:
Esha Namkoveka alitoka kubangua
akaja moja kwa moja kutusaidia kukamua,
na mikono yake ile ile.
Haikuwa chenga. Haikuwa kinu.
Tulikuwa sisi, tumeingia kwenye mafuta.

Tukanunua glavu kwa pesa ya sikukuu.
Kinu kikahamia chumbani kwa Esha,
Esha akahamia kwa dada yake, akinuna.
Siku ya kukamua hakuna anayebangua,
na siku hiyo hailipwi na mtu;
kwenye fomu nimeitafutia kisanduku,
hakipo.

Barua ilifika Alhamisi.
Kiungo kimekubaliwa.
Bidhaa yenyewe, na lebo yake, na soko la nje,
hayo ni maombi mengine, yana ada nyingine.
Mama akauliza:
kwa hiyo sasa nimeruhusiwa?

Ofisini Mtwara, Bwana Tweve alisogeza kidau cha wino.
Dole gumba hapa, mama.
Nikakandamiza.
Likatokea doa la zambarau, laini,
halina mstari hata mmoja.
Akalitazama, akaligeuzia dirishani,
akaniuliza kwa upole kama najua kuandika.

Miaka miwili nimewaandikia, nikamwambia.

Akatafuta kalamu.